Refa wa Fainali

Nje ya uwanja palikuwa hapapitiki. Kinyozi, jezi ya timu yake imemganda mgongoni kwa jasho, alikuwa anafoka: "Ile kadi nyekundu ya nini? Refa katuonea!"

"Beki wenu alimkanyaga mpinzani kifundoni," alisema dada mmoja mwenye gauni la njano na begi begani. "Refa mwenyewe ni mimi."

Kinyozi akaacha ubishi papo hapo, jambo ambalo wateja wake hawajawahi kulishuhudia. Akaomba namba ya simu. Dada akacheka, akampa.

Wakapendana hasa. Ilipofika wiki ya fainali, mambo yakageuka.

"Mpenzi, mbona hupokei simu?"

"Nimebanwa."

"Kuna mwingine?"

Simu ikakatwa. Wivu ukampanda kinyozi, akafunga saluni mchana kweupe na kwenda kugonga kwake.

Mlango ulifunguliwa na refa aliyevaa miwani minene, jicho moja bado lina wekundu.

"Haya, umeona. Siku zote navaa lenzi, zile za kubandika machoni badala ya miwani. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inapata hewa moja kwa moja kutoka nje. Mimi nimeiziba asubuhi mpaka usiku, mpaka usingizini. Ikafanya kidonda. Kimepona, ila daktari kanipiga marufuku lenzi."

"Kwa nini hukuwa unazivua?"

"Ungeniona hivi."

Hilo lilimuuma kinyozi kuliko wivu. "Yaani ulikuwa unajiumiza kwa ajili yangu? Na fainali je?"

"Najitoa. Refa mwenye miwani! Uwanja mzima utanicheka."

"Watacheka dakika tano, mama. Halafu utapuliza filimbi."

Jumamosi aliingia uwanjani kichwa juu, miwani imefungwa kwa mkanda kisogoni. Walicheka kweli. Mechi ilipokaribia kuisha, akanyoosha mkono: penalti, dhidi ya timu ya kinyozi. Jukwaa likalipuka kwa matusi.

Kinyozi alikuwa ameiona rafu ile, haikuwa na ubishi. Kifua kikamjaa fahari. Akasimama peke yake kati ya jezi za wenzake, akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.

"Umerogwa wewe?" jirani yake akamfokea.

"Yule ni mke wangu."

"Tangu lini?"

"Bado sijamwambia. Mechi ikiisha namwambia."