Wimbo wa Tano

Theonest alimkuta Zipora katika soko la Katoro, pikipiki zikipenya kila upande na wauza dawa ya panya wakishindana kwa vipaza sauti. Theonest alikuwa akitafuta kitambaa cha kufunikia piano. Zipora, mwuzaji wa vitambaa, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye gauni la kitenge cha buluu lililopigwa pasi barabara, alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ila shikamoo yako, mama, inanizeesha."

"Basi nikukatie mita ngapi, kijana?"

Theonest alicheka, jambo alilokuwa amelisahau. Alikuwa na miaka sitini na sita. Arobaini kati ya hiyo aliitumia kupiga bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, katika hoteli ambazo wageni walikula bila kugeuza shingo. Sasa, kabla ugonjwa wa viungo haujamaliza vidole vyake, alikuwa akirekodi albamu yake ya kwanza katika studio ya Onesmo, nyuma ya soko hilo.

Kitambaa kilizaa simu za kila jioni. Ndipo Zipora alipomsimulia habari za mumewe, Nkwabi, aliyeshuka katika duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, miaka tisa iliyopita, nalo likamfukia. Mwili haukupatikana. Matanga hayakukaliwa, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwita Nkwabi marehemu mbele ya mkewe. Theonest alipomposa, Zipora alijibu kwa upole kwamba mke wa mtu haolewi.

Siku ya kurekodi wimbo wa tano, vidole vya Theonest vilimtii kama zamani. Alipiga kwa mkupuo mmoja, na kwa desturi ya wanamuziki akautoa wimbo kama zawadi, akitamka juu ya mapigo ya kwanza: kwa marehemu Nkwabi, na kwa Zipora wake. Alidhani anatoa heshima. Akamwita Zipora studio aje kuusikiliza.

Zipora alikuja amependeza, akaketi, akasikia. Akasimama.

"Nani amekupa maiti ya mume wangu, Theonest? Umemzika wapi, nikapalilie?"

Akatoka. Kwa majuma mawili simu za Theonest hazikupokelewa. Alipoomba maneno yale yakatwe, Onesmo alimweleza kwamba yameshikamana na mapigo, hayawezi kutenganishwa. Theonest alijaribu kuupiga upya, lakini mkono wa kulia ulikuwa umevimba, haukukunjika. Onesmo alimsihi auache wimbo huo kama ulivyo, kwani ndio uliobeba albamu nzima.

"Ufute," alisema Theonest, na alisimama pale mpaka ukafutika.

Juma la tatu Zipora alifika na shemeji yake, Ndaki, ndugu wa Nkwabi, kutoka Nyahanga kwenye ukoo wao. Zipora alikuwa amevaa nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa. Alieleza kwamba ukoo ulikusanyika kwenye mdomo wa duara, wakakaa matanga siku tatu, na jana wameanua.

"Nilikuwa najua," alisema. "Sikutaka mtu alitamke neno lile kabla yangu. Tuwekee wimbo wa marehemu, shemeji ausikie."

"Haupo, Zipora. Niliufuta."

"Kwa ajili yangu?"

"Neno lile halikuwa langu kulisema."

"Basi upige tena."

Theonest akamwonyesha mkono. Zipora aliushika, akaugeuza taratibu, kisha akaurudisha juu ya goti la Theonest. Ndaki alikohoa, akasema kwa sauti ya mtu aliyetumwa kwamba mwaka ukitimia, mzee anaweza kuleta washenga wake Nyahanga, watapokelewa.

Theonest aliinamisha kichwa kwa shukrani. Machozi yalimlengalenga, kwa furaha na kwa kilichopotea, asijue ni kipi kimetangulia. Aligeukia piano, akaanza kwa mkono wa kushoto peke yake, polepole, akikosea mara kwa mara, na pale ambapo mkono wa kulia ungeingia, akiacha kimya. Onesmo alinyoosha kidole kuwasha mtambo wa kurekodi.

Theonest akamtikisia kichwa kumkataza, akaendelea kupiga.