Majina Kumi na Manane

Saa sita na nusu mchana, siku ya Ijumaa, Mama aliandika jina lake kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne fomu ikamrudishia mstari uleule mwekundu: Jina halikubaliki.

"Sasa hii ni dharau," alisema. "Jina hili nilipewa na bibi yangu. Shuleni walilikubali, kazini walilikubali, hata baba yako na ukali wake wote alilikubali. Hii kompyuta ni nani?"

Binti yake alisogeza kiti karibu. Kazini kwake walimwita Mpelelezi, maana aliajiriwa kusaka kasoro katika programu za watu wengine, na akishashika mkia wa kasoro haachii. Alikuja nyumbani kupumzika siku tatu, na hii ilikuwa ya pili.

"Ni wewe peke yako?"

"Thubutu! Nimepiga simu tangu asubuhi. Tuko kumi na wanane. Wote tumekataliwa, wote tumepeleka malalamiko bila kujibiwa, wote tulisoma pale."

Pale ni darasa la kupiga chapa, chini ya jengo la ofisi ya mji. Lilikuwa na taipureta ishirini, na Mwalimu, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na bado alifika kila asubuhi kuzipaka mafuta ingawa mwanafunzi wa mwisho alishaondoka zamani. Ofisi ilitaka chumba kiwe ghala, na mashine zikauzwe kama chuma chakavu. Sharti la kuliacha darasa lilikuwa moja: watu arobaini waliosoma pale wajiandikishe kwenye tovuti ya ofisi kabla ya saa kumi kamili jioni hiyo. Mpaka wakati huo walikuwa wamepita ishirini na wawili.

"Wakilifunga, Mwalimu ataamka asubuhi aende wapi?" Mama aliuliza. "Yule hana mume wala mtoto. Ana sisi na zile mashine."

Mpelelezi alivaa viatu.

Saa saba kamili alikuwa mbele ya Katibu wa ofisi ya mji, mtuhumiwa wa kwanza na wa wazi, kwa kuwa ndiye aliyelitaka ghala.

"Unanishuku mimi?" Katibu alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Binti, sikatai, ghala nalihitaji. Faili zangu ziko kwenye korido, mvua ikinyesha naziombea dua. Lakini kuingia ndani ya hiyo tovuti nikafanye hila? Nywila yangu hii hapa." Alifungua droo akatoa bahasha. "Sijawahi kuitumia. Muulize Fundi."

Bahasha ilikuwa na vumbi, na gundi yake haijabanduliwa. Mpelelezi alimshukuru, akapanda ngazi.

Fundi wa tovuti alikuwa kijana mtanashati mwenye skrini mbili na kikombe cha chai kilichopoa. Alimkaribisha vizuri, ila aliposikia habari ya fomu akaguna.

"Dada, fomu ni nzima. Watu ishirini na wawili wamepita, ingekuwa mbovu wangepitaje?"

"Nionyeshe kanuni ya jina."

"Hakuna siri. Jina liwe maneno mawili au matatu, herufi tupu, yaachane kwa nafasi moja. Lianze na herufi, liishe na herufi. Basi. Mwaka jana tuliingiliwa na programu za kihuni, zikatujazia majina yenye nukta na alama za ajabu, Katibu akanisema mbele za watu. Mwaka huu nikasema hapiti mtu."

"Andika jina la mama yangu."

Fundi aliandika kwa vidole viwili, akabonyeza. Mstari ukatokea, wa kijani: Umeandikishwa.

"Umeona?" alisema, akalifuta palepale, maana haikuwa haki kumwandikisha mtu asiyekuwapo. "Tatizo liko kwenye mikono ya wazee wetu."

Mpelelezi alishuka ngazi polepole. Jina lilelile, fomu ileile, tofauti ni mwandishi. Alikaa kwenye benchi la korido, kati ya faili za Katibu, akaanza kuwapigia simu waliokubaliwa. Aliwauliza swali moja tu: ni nani aliyekuandikia?

Wa kwanza alijaziwa na mjukuu. Wa pili na jirani. Wa tatu alisema, "Mume wangu, kwa kidole kimoja, nusu saa nzima, nikakaribia kumwacha." Alipofika wa tisa hakuhitaji kuendelea. Hakuna hata mmoja aliyejiandikia mwenyewe. Kwa hiyo fomu iliwapitisha wasiojua kupiga chapa, na wapiga chapa wenyewe ikawafungia mlango.

Saa tisa kasoro kumi aliingia darasani, kompyuta ya Fundi mkononi na Fundi mwenyewe nyuma yake, ameitwa kwa lazima. Katibu naye aliwafuata, eti anapima ukubwa wa chumba. Mama na wenzake kumi na saba, aliowaita kwa simu, walikaa kwenye mabenchi yao ya zamani, kila mmoja mahali pake bila kuelekezwa. Mwalimu alisimama mbele, mdogo wa umbo, mgongo umenyooka kama rula.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefanana na mama yako. Ila yeye hakuburuza miguu."

Harufu ya mafuta ya mashine ilimpiga Mpelelezi kifuani. Yeye alipokuwa mtoto, Mama alipiga chapa barua za watu nyumbani, na yeye alifanyia hesabu za shule chini ya meza ya mashine. Alitamani kukaa chini pale pale, awe na miaka saba tena, asiwe na la kutatua.

"Mama, andika jina lako. Kama unavyoandika siku zote."

Mama aliandika. Ikawa nyekundu.

"Tena." Safari hii Mpelelezi aligeuka, akatazama ukuta, akafumba macho. Vidole vya Mama vilikimbia kwa mlio alioujua kabla hajajua kusoma: mwepesi, sawasawa, bila kusita. Kisha mwishoni, baada ya herufi zote kwisha, kishindo kimoja kizito.

"Hicho cha mwisho ni nini?"

"Kipi?"

"Umegonga kitu baada ya jina."

"Sijagonga kitu mimi."

"Umegonga, Mama. Kwa dole gumba."

Mama alitazama dole gumba lake. Wanawake kumi na saba nao wakayatazama ya kwao.

"Kosa hili lina watu wawili, na wote wamo humu," Mpelelezi alisema. "Wa kwanza ni Mwalimu."

Wanafunzi waliguna. Mwalimu aliinua mkono, wakanyamaza.

"Kila mnachoandika mnakifunga kwa kugonga nafasi tupu. Haionekani kwa macho, lakini kompyuta inaihesabu, na kanuni inasema jina liishe na herufi. Mwalimu, kwa nini uliwafundisha hivyo?"

Mwalimu alipitisha kiganja juu ya mashine iliyokuwa karibu naye. 

"Mashine zilikuwa ishirini, wasichana arobaini," alisema. "Walikaa wawiliwawili. Huyu anaandika sentensi, anampisha mwenzake aendelee. Asiyeacha nafasi, neno la mwenzake linagandana na lake, karatasi inaharibika, na karatasi tulikuwa tunaomba kwa watu. Basi niliwaambia: ukimaliza, mwachie mwenzako pa kuanzia. Aliyesahau alibaki kufagia."

"Nilifagia mwezi mzima," alisema mmoja wa nyuma, na wote wakacheka huku wanafuta macho.

"Samaki hukunjwa angali mbichi," Katibu alinong'ona.

"Na wa pili?" Mama aliuliza.

Mpelelezi alimgeukia Fundi. "Tangu Jumatatu umeletewa malalamiko kumi na manane. Umefungua mangapi?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Hata moja. Nilijua ni wazee wameshindwa kuandika."

"Maneno sabini kwa dakika!" Mama alifoka. "Bila kutazama! Wewe nimeambiwa unavyoandika, mwanangu. Kama kuku anadonoa."

"Kanuni haikuwa kosa," Mpelelezi alisema. "Ulikuwa unalinda mlango. Kosa ni kutouliza anayegonga ni nani."

"Nisameheni, mama zangu," Fundi alisema. Alipiga magoti mbele ya kompyuta, akaongeza amri moja fupi: kabla ya kulipima jina, ondoa nafasi tupu za mwanzoni na mwishoni. Akaijaribu mara tatu. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika thelathini na tano.

Kompyuta ilikuwa moja, nao kumi na wanane. Hawakuhitaji kupangwa. Mmoja aliandika, akagonga kwa dole gumba, akabonyeza, akanyanyuka, na wa pili alikuwa ameshakaa. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Katibu, aliyekuja kupima chumba, alijikuta anahesabu kwa sauti. Saa tisa na dakika hamsini na sita ikawa thelathini na tisa, na Mama, aliyewapisha wenzake wote, akakaa.

Ikawa kijani. Arobaini.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walimtazama Mwalimu, aliyekuwa akiyasoma majina kwenye skrini kwa kidole, moja baada ya jingine, bila miwani na bila haraka. Alifika chini kabisa, akalitamka jina la Mama lote, kwa sauti ya kuita mahudhurio.

Mama aliruka wima, mikono ubavuni. "Nipo, Mwalimu!"

Sauti ile Mpelelezi hakuwahi kuisikia maishani mwake. Ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na sita, na Mpelelezi alilia kwa furaha ya kukutana naye.