Siku Mama Mkwe Aliponiita kwa Jina

"Mseti! Toka humo! Gari linaungua!"

Wadau, sauti hiyo ilinitisha kuliko moto wenyewe...

Moto nilikuwa nauona, unatoka pembeni mwa boneti. Lakini sauti ile ilikuwa ya mama mkwe wangu!

Kama wewe si Mkurya, ngoja nikueleweshe aibu yangu. Kwetu sisi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Simtazami usoni. Hanitaji jina. Tangu nimuoe Esta, mama yake akitaka kuniambia neno anampa mtu aniletee, na mimi ni "baba Rubeni" tu.

Sasa leo amenikamata kola ya shati, ananivuta nje kama mbuzi wa mnadani!

Ilianzaje? Twende taratibu.

Mimi naishi Genkuru. Nina pikapu ya milango minne, nabebea watu mahindi. Shemeji yangu Gidion, kaka yake Esta, anayo kama yangu. Kampuni moja, umbo moja. Ila ya kwake ni toleo la bei ya juu, ina nguvu. Mlimani ya kwake inapanda inaimba, ya kwangu inapanda inaomba msamaha.

Kila sherehe ukweni Nyansurura, wanaume wanalizunguka gari la Gidion. La kwangu wanaanikia makoti. Iliniuma jamani, sitaki kudanganya.

Ndipo ikaja harusi ya Neema, mdogo wake Esta. Ibada ilikuwa Tarime mjini.

"Mama amesema atapanda gari letu," Esta akaniambia.

"Letu? Siyo la Gidion?"

"Letu. Wazee wamekubali, mradi nikae naye nyuma na tufunge pazia."

Aisee, kichwa kilivimba! Mama wa bibi harusi, kwenye gari langu! Nikajua sasa na mimi nimehesabiwa kuwa mwanaume pale ukweni.

Halafu nikaukumbuka mlima wa njia ya Tarime. Nikaona msafara mzima unanipita, mimi nimekwama kwenye gia ya kwanza na mama mkwe nyuma. Nikasema haiwezekani!

Nikaenda Sirari kwa Nikodemo, fundi anayeshughulikia magari kwa kompyuta. Akachomeka waya chini ya usukani, akacheka.

"Boss, injini yako na ya huyo shemeji ni moja. Huko kiwandani hii walii-lock tu kwa programu. Mimi naifungua, inakuwa sawa na yake."

"Fungua!"

"Lakini sikiza. Injini ni moja, vitu vya kando siyo. Yake iko na klachi kubwa na rejeta kubwa ya kupoza injini. Kabla uikimbize na mzigo, rudi tubadilishe hizo."

"Nitarudi."

Sikurudi! Nilichonunua ni ile nembo ya toleo la bei. Nikaibandika nyuma, nikaipangusa kwa kitambaa.

Esta akaiona. "Baba Rubeni, hii imetoka wapi?"

"Ilikuwepo. Ilifunikwa na vumbi."

Akaigusa kwa kidole, akaingia ndani.

Siku yenyewe tukafunga kanga kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Kioo cha ndani nikakigeuza kikatazama juu, nisije nikakutana macho na mama mkwe. Yeye alikuwa amevaa kitenge kipya cha bluu, hicho nilikiona kwa bahati mbaya alipokuwa anapanda.

Tukaondoka. Gidion mbele, mimi nyuma yake. Wallahi gari lilikuwa linaruka! Nikasahau kabisa nimebeba nani.

"Baba Rubeni," Esta akasema nyuma ya pazia. "Mama anasema anasikia harufu ya kuungua."

"Mwambie ni breki za lori lililopita."

Hatukufika mbali, Esta tena.

"Mama anasema harufu inazidi. Na upunguze mwendo, anasikia kizunguzungu."

"Mwambie atulie! Gari si lenu, dereva si nyie!"

Esta akasema kwa sauti ya chini, "Basi mimi sipeleki tena maneno yenu."

Akanuna kweli. Mnaelewa maana yake? Mama mkwe hakuwa tena na mtu wa kumsemea! Akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu. Akagonga kiti changu mara kadhaa. Na mimi, mjinga mkubwa, najifanya sisikii, maana mlima umefika na taa za Gidion ziko palepale mbele!

Nikakanyaga mafuta hadi chini.

Injini ikapiga kelele, gari likawa haliendi. Klachi imekwisha! Moshi ukajaa. Esta akafungua mlango, akamshusha mama yake, wakakimbilia pembeni.

"Baba Rubeni, shuka!"

Nikampungia mkono anyamaze. Gidion alikuwa amesimama juu kule anatutazama. Nikawa nawasha tena... na tena... hadi moto ukachomoza pembeni mwa boneti. Sikukubali anione nimekwama!

Ndipo kanga ikachanwa. Mkono wa mama mzee ukapita, ukanishika kola. Alikuwa amerudi ndani ya gari.

"Mseti! Toka humo!"

Nilitoka. Gidion na wenzake wakaumwagia moto udongo mpaka ukazima. Injini ilikuwa imekwisha. Mama mkwe alisimama ametupa mgongo, kitenge kipya kimejaa masizi.

Ndivyo alivyoingia kanisani. Ndivyo alivyo kwenye picha zote za harusi ya mwanae.

Mimi sikwenda. Nilikaa na gari langu pale barabarani, natamani ardhi ipasuke.

Nikajifungia nyumbani. Nilijua nitaitwa ukweni kutozwa mbuzi, maana mwiko umevunjika. Nilikuwa bado natafuta mbuzi wa kupeleka, siku moja nikasikia honi. Gidion. Na mama mkwe yuko nje ya uzio, amenipa mgongo, ameshika kamba... na mbuzi!

Esta akaenda, akarudi na ujumbe.

"Mama anasema yeye ndiye aliyevunja mwiko. Amekuita jina, amekushika. Amekuletea mbuzi."

"Mwambie kosa ni langu!"

"Nimemwambia. Anasema la kwako ni lako, yeye anamaliza la kwake." Esta akasita. "Ila anauliza kitu."

"Nini?"

"Lile gari la polepole alilolichagua, ulilipeleka wapi?"

Sikuelewa. Nikamgeukia Gidion, aliyekuwa ameingia uani.

"Shemeji," akasema taratibu, "mama akipanda gari langu anatapika. Siku zote, hata leo. Ndiyo maana akasema harusini atapanda la baba Rubeni, linapanda mlima polepole. Alitaka afike kanisani na nguo safi."

Nguo safi...

Machozi yalinitoka mbele ya shemeji yangu, sioni aibu kulisema hilo. Aibu nyingine ni kubwa zaidi. Nilikuwa na kitu alichokitaka, nikaenda mpaka Sirari kukiondoa!

Ndugu yangu unayehangaika kufanana na fulani, uliza kwanza walikuchagua wewe kwa sababu gani.

Ile nembo nimeibandua kwa kisu. Mbuzi bado yupo hapa uani. Sina ujasiri wa kumchinja.