Chaki ya Sekunde

Nyumbani walimwita Sekunde, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimwambia afagie maranda karakanani, atakujibu, "Sekunde moja tu." Alishe kuku, sekunde moja. Aoshe vyombo, sekunde moja. Kweli kazi zote alizimaliza upesi, ila kuku walibaki wakimfuata nyuma kudai haki yao, na sufuria Bibi aliziosha upya huku akinung'unika.

Jumamosi hiyo Sekunde aliamka kabla ya kuitwa. Mama yake alikuwa fundi wa mashua, na leo mashua ya marehemu Babu ingeteremshwa kutoka kwenye trela iliyokaa nyuma ya karakana tangu mvua za mwaka jana. Babu aliwavusha watu mtoni kwa mashua ile karibu maisha yake yote. Sasa rangi ilikuwa imebanduka na mbao za ubavuni zimepauka, lakini mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua nzima, ulikuwa haujaguswa na kitu. Mama alitaka kuitengeneza upya, na Bibi alishaapa kuwa abiria wa kwanza ni yeye.

Mjomba, mwenye trela, alifika na trekta lake akitaka trela irudi kazini siku hiyo hiyo. Mama akaeleza mpango. Wangeinua mashua kidogo kidogo kwa jeki, mbele kisha nyuma. Kila ikiinuka, vipande vya magogo vingepangwa kulia na kushoto kwa trela, kimoja juu ya kingine, na boriti nene ingelazwa juu yake ipite chini ya mkuku. Mashua ikishakaa kwenye boriti, na kuegemezewa nguzo ubavuni isije ikalala, Mjomba angeivuta trela polepole itoke. Mashua ikianguka na mkuku ukavunjika, Mama alisema, kitakachobaki ni kuni.

Vipande vya magogo vilikuwa tayari ukutani, kila kimoja na alama ya vema ya chaki. Hiyo ilikuwa kazi ya Sekunde. Juzi Mama alimpa nyundo na chaki, akamwonyesha jinsi ya kugonga na kusikiliza. Kipande kizima hulia ko, ko. Kilicholiwa na mchwa hutoa sauti nzito, kama unapiga gunia la unga. Kizima akitie vema, kibovu akiweke kando. Sekunde alianza vizuri sana. Kisha wenzake wakapita na kamba ya kuruka, wakamwita, naye akavitia vema vyote vilivyobaki bila kuvigonga. Kwa macho havikuwa na kasoro, na chaki ilikuwa mkononi tayari.

Kazi ilikwenda barabara. Bibi, aliyeketi mlangoni juu ya gogo lake pana, alitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba, na Mjomba akawa anamjibu, "Sawa, nahodha." Mashua ilipoachana na trela, wote walipiga makofi, hata wale wenzake Sekunde waliokuwa wakichungulia juu ya ua.

Lakini ubao mmoja wa trela ulikuwa umenasa kwenye msumari wa mkuku. Ilibidi mtu aingie chini kuunasua. Mama akapiga magoti, akaviangalia vipande vya magogo, akasema vyote vina vema, kwa hiyo hakuna wasiwasi.

Sekunde alivikumbuka vile ambavyo hakuvigonga. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, atajua Mjomba, atajua Bibi, na watajua wenzake wote pale uani. Mama alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Mama, usiingie."

Mama akageuka. "Kuna nini?"

"Vingine sikuvigonga. Nilivitia alama tu."

Mama alisimama, akajikung'uta magoti. Hakufoka, na Sekunde aliona heri angefoka. Alichosema ni kwamba mashua irudishwe kwenye trela. Mjomba alilitazama jua, akalitazama trekta lake, akashusha pumzi na kuishika jeki. Kazi ya asubuhi nzima ikafumuliwa.

Sekunde akachukua kitambaa chenye maji, akafuta alama zake zote, kisha akaanza kugonga. Ko, ko. Ko, ko. Alipofika kwenye kipande kilichokuwa chini kabisa upande wa nyuma, sauti ikabadilika. Akagonga tena, nyundo ikazama ndani na unga wa mchwa ukamwagika miguuni pake. Mjomba, aliyekuwa akilalamikia trela yake, alikichukua kipande kile akakitupa mbali.

Sasa kikatakiwa kipande kingine chenye unene uleule. Walitafuta karakana nzima wasipate. Mwishowe macho yote yakaelekea mlangoni.

"Msiniangalie hivyo," Bibi alisema.

Sekunde alimsogelea na nyundo, akainama, akagonga gogo pale pale lilipokaliwa. Ko, ko.

"Samahani Bibi, ni zima."

Bibi aliinuka huku akicheka, akisema hiyo ndiyo nauli yake na asidaiwe nyingine.

Mashua ikainuliwa upya. Mama alimwita Sekunde, akamshikisha ile chaki.

"Mwanangu, vema hii ni neno lako kwangu," alisema. "Ukiiweka, unaniambia, Mama pita, nimehakikisha. Leo umekubali kuaibika ili mimi nisiumie, na hilo nimeliona. Lakini kazi ambayo hukuifanya usiitie alama, hata kama hakuna anayekutazama. Haya, umevigonga vyote?"

"Vyote, Mama."

Mama akainama, akaingia chini bila kuangalia mara ya pili. Alitoka na ule ubao mkononi. Trekta likanguruma, trela ikatoka taratibu, na mashua ya Babu ikabaki imetulia juu ya boriti zake. Sekunde alikuwa na furaha hata macho yakamlowa.

"Sekunde!" Mjomba aliita kutoka kwenye trekta. "Njoo unishikie kamba."

Sekunde alikuwa bado anagonga nguzo za ubavuni, moja baada ya nyingine, sikio karibu na mti.

"Dakika moja, Mjomba," akajibu.