Mbwa wa Mama Joël

"Sindano ina uzi. Usishone mpaka fundi afike."

Sauti ilitoka katika kidude kidogo kama punje ya mtama, kilichofichwa ndani ya sikio la Armel. Alikuwa amepiga magoti juu ya zulia la kijani, kitambaa cha hariri mkononi, akimsugua mbwa mgongo.

Sindano lilikuwa jina la mbwa huyo. Jike la aina ya whippet, mbwa wa mbio, rangi ya moshi, kiuno kimebonyea ungedhani hajala tangu juzi.

Uzi ulikuwa kidonge cha kioo chini ya ngozi yake. Kila mbwa wa maonyesho hutiwa kidonge kimoja mabegani, chenye namba yake. Sindano alikuwa na viwili. Katika kile cha pili mlikuwa na majina kumi na moja.

Na fundi? Fundi ni mnunuzi atakayekuja kuchukua majina hayo. Hakuna aliyeijua sura yake.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, mwaka 2017, saa nne asubuhi, katika ukumbi mkubwa kusini mwa Johannesburg. Mbwa elfu mbili walibweka kwa pamoja. Chini ya mabrashi, ndani ya mkoba wa Armel, ililala Glock 19 yenye risasi kumi na tano.

Wale kumi na mmoja walikuwa wakimbizi, Wakongo na Warundi. Msusi wa Marshalltown. Fundi cherehani wa Alexandra. Bawabu wa Randburg. Wote waliona kwa macho yao watu wakizikwa hai katika mgodi mmoja wa dhahabu, na mwezi Novemba wangesimama mahakamani kusema. Wenye mgodi walitaka wasifike huo Novemba. Walijua simu zao zinasikilizwa na barua pepe zao zinasomwa, ndiyo maana wakachagua njia ambayo hakuna uwanja wa ndege unaoipekua: mbwa bingwa, aliyeuzwa kihalali, anayesafiri na karatasi zake zote.

"Armel, mwanangu, umemfuta masikio?"

"Nimemfuta, Mama Joël."

Mama Clémentine, mama yake Joël, alikaa kwenye kiti cha kukunja, goti lake bovu amelinyoosha. Mjane wa Bukavu, miaka sitini na moja. Alifika mji huu akifagia banda la bibi mmoja mwenye whippet. Bibi alipofariki alimwachia mbwa wawili, naye akawakuza mpaka jina lake likajulikana. Armel alikuwa mtumishi wa banda lake kwa miezi kumi na minne.

Alimfundisha kila kitu. "Usimvute," alikuwa akimwambia. "Mbwa wa hivi ukimvuta, anavunjika moyo. Mwache aamini yeye ndiye anakupeleka."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Armel alijijua kwamba chawa ni yeye.

Alijua ni kwa nini mama huyu amekubali kidonge. Joël, mwanawe wa pekee, alitekwa na watu wa mgodi. Kila wiki walimtumia mama sauti yake kwa simu: "Mama, niko mzima. Fanya wanavyosema."

Alijua na jambo la pili. Sauti zile zilirekodiwa zamani. Joël aliuawa tarehe tatu Julai.

"Akijua, kazi imevunjika," mkuu wake katika kikosi cha upelelezi, Bi Tabia, alimwambia siku ile. "Fundi atapotea, na wale kumi na mmoja watakufa mmoja mmoja. Nyamaza."

Akanyamaza. Na kwa kuwa mama huitwa kwa jina la mwanawe, kila asubuhi alilitamka jina la marehemu kabla hajanywa chai.

"Whippet, uwanjani!"

Armel akaingia. Sindano kushoto kwake, kamba nyembamba ikilegea kati yao. Wakazunguka. Mbwa hakukimbia, aliteleza.

Jaji alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi. Mikono yake ikapita mabegani, mgongoni, mapajani. Ikarudi kwenye kiwiko cha kushoto. Ikasimama.

Ngozi ya whippet ni nyembamba, haina mafuta chini yake. Kidonge cha pili kilikuwa kimeteremka.

"Hiki nini?"

"Mwiba, mheshimiwa. Kovu lake limebaki."

Jaji akamtazama. Armel akamtazama jaji. Jasho likamshuka mgongoni, uso ukabaki mkavu.

"Zungukeni tena."

Dakika tano baadaye Sindano alikuwa amepewa utepe wa mshindi. Mama Clémentine aliukumbatia akalia.

"Joël atacheka! Atasema, mama, ule mbwa mkondefu? Eish! Nitamwonyesha picha akija."

"Mwonyeshe, Mama Joël."



Wanunuzi wakafika. Wa kwanza, bibi mwenye kofia pana, alishika kimashine cha kusomea vidonge, akakipitisha mabegani. Kikalia *tii*. Akaisoma namba, akaulizia watoto wa mbwa, akaondoka. Wa pili, mzee mfupi, alimfunua Sindano mdomo tu, akatazama meno, akaguna, akaenda zake.

Wa tatu alikuwa mrefu, koti la kijivu, saa ya Rolex. "Haug," alijitambulisha. "Mfugaji. Miaka ishirini."

Akapitisha kimashine mabegani. *Tii.*

Mfugaji yeyote huishia hapo. Amekwisha pata namba, anatafuta nini tena? Lakini mkono wa Haug uliendelea kuteremka taratibu, mpaka kwenye kiwiko cha kushoto.

*Tii.*

Haug akatabasamu.

Armel akainamisha kidevu. "Fundi amefika. Koti la kijivu."

"Shona!"

Haug aliona midomo ikicheza. Akampokonya mama kamba, akachomoa bastola, akatoka mbio na mbwa.

Watu wakapiga mayowe. Meza ikapinduka. Mbwa mweupe wa aina ya pudo aliyekuwa nusu amenyolewa akakatiza njia akibweka. Armel aliruka vizimba viwili, Glock mkononi, lakini hakuweza kufyatua: mbele kulijaa watoto na bibi zao.

Haug alibakiza hatua thelathini kuufikia mlango. Nje, Toyota Quantum nyeupe ilikuwa ikinguruma.

Hapo Armel akaliona kosa. Mtu aliyefuga mbwa miaka ishirini, na amemshika mbwa upande wa kulia!

Mbwa wa maonyesho hajui upande wa kulia. Tangu uchanga hufundishwa kwamba mahali pake ni kushoto kwa mwanadamu.

"Sindano! Kushoto!"

Mbwa alitii. Akiwa katika mbio, alikata mbele ya miguu ya Haug ahamie upande wake. Haug akajikwaa, akaanguka kifudifudi, bastola ikateleza hadi chini ya vizimba.

Goti la Armel likatua mgongoni mwake. Pingu zikalia.

"Umeshonwa," Armel alimwambia.

Daktari wa kikosi alikitoa kidonge palepale mezani, kwa sindano ya ganzi na kikato kidogo. Quantum ilizuiwa kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani. Wale kumi na mmoja wangekula chakula chao cha jioni bila kujua lolote.

Mama Clémentine alisimama kati ya askari wawili wa kike, utepe bado mkononi, kamba ya Sindano amerudishiwa.

"Wewe ni nani?"

"Ni Armel, mama. Jina sikukudanganya."

"Basi niambie kweli. Sasa watamuua mwanangu?"

Sikioni Bi Tabia akasema upesi: "Usimwambie. Yupo mtu wa kazi hiyo."

Armel akakichomoa kile kidude, akakitumbukiza katika bakuli la maji la mbwa.

"Walikwisha kumuua, mama. Tarehe tatu Julai."

Hakupiga ukunga. Aliukunja ule utepe.

"Agosti nilipika sombe ya majani ya muhogo. Siku ya kuzaliwa kwake. Ulikula sahani mbili."

"Nilikula."

"Ungeniambia, ningekikata kile kidonge kwa meno yangu."

"Najua, mama."

"Sasa unaniita mama tu. Kwa nini? Niite vile ulivyokuwa unaniita."

Armel alifungua mdomo. Mtu aliyewahi kuhojiwa siku tatu kwa waya za umeme asitoe neno, alihangaika na maneno mawili.

"Mama Joël."

"Ndiyo. Hata akiwa udongoni, ndilo langu."

Akamkabidhi kamba.

"Usimlishe kabla hajatembea, anatapika. Jioni mvalishe koti, baridi inamwingia haraka. La bluu. Lile jekundu linamwasha."

Kisha akawatangulia askari, akichechemea, bila kugeuka.

Armel alivaa miwani yake myeusi, akafunga vifungo vya koti, akatembea kuelekea maegesho mwendo wa mtu asiye na haraka. Samsung ililia mfukoni. Aliiacha ilie.

Sindano alikuwa kushoto kwake, kama alivyofundishwa. Lakini kila baada ya hatua chache alisimama, akageuza shingo kule ukumbini, akangoja.

Armel naye alisimama, akangoja. Hakumvuta.