Hewa ya Nyuma ya Kiwanda

Kila asubuhi Sumirah na mumewe Kasdi huchemsha soya. Huichuja, huichanganya na chachu ya ukungu, kisha huifunga kwa majani ya mgomba. Siku ya pili huwa tempe: vipande vigumu, vyeupe. Hiyo ndiyo riziki yao.

Mwezi ule tempe ilianza kutoka ikiwa na utelezi na harufu mbaya. Sokoni wateja waligeuza nyuso.

"Ni kile kiwanda!" alifoka Kasdi. Nyuma ya jiko lao kulikuwa na ukuta wa kiwanda. Humo hufugwa bakteria waliobadilishwa maabara, ili watoe kitu cha kuondoa madoa kwenye sabuni. "Leo nalivunja lango lao!"

"Ukifungwa nani atabeba soya? Kaa chini!" alisema Sumirah.

Sumirah akamwita mkaguzi wa hewa, Bi Wulandari, akaja na mashine ndogo, akaiweka nyuma ya jiko.

"Hii huvuta hewa," alieleza. "Bakteria hunaswa kwenye kisahani cha chakula chao. Chakula nimekitia dawa. Bakteria wa kawaida hufa, ila wa kiwanda wametiwa alama ya kustahimili dawa hii, hawafi. Kikiota kitu, tutawajua."

Alipoondoka, Sumirah akaficha kapu la tempe mbovu chini ya mashine. "Ili inase vizuri," alinong'ona.

Visahani vikaota manyoya meupe tupu. Meneja wa kiwanda, Bwana Hartono, akacheka. "Mmepima tempe yenu! Sisi hupima kila wiki, hatupati kitu."

Kasdi akanyanyua mwiko wa kukorogea soya, mkubwa kama kasia.

"Weka chini, kaka," alisema Wulandari, akilivuta kapu kutoka chini ya mashine. "Dawa yangu haiui ukungu, na ukungu wa tempe umefunika kila kitu. Mama, umeniharibia kipimo." Sumirah akainama. "Na wewe bwana, mnapimia wapi?"

"Langoni."

"Upepo unaelekea wapi?"

Wote wakatazama moshi wa jiko. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa lango la kiwanda, ukiusukuma moshi juu ya nyumba ya Sumirah. Hartono akaacha kucheka.

Wulandari akaweka mashine mbili, moja langoni, moja nyuma ya ukuta, upande wa jiko la Sumirah, wakati matangi ya bakteria yakifanya kazi. Safari hii Sumirah alikaa mbali, mikono mitupu. Ikiwa hakuna kitu, nani tena angewasikiliza?

Kisahani cha langoni kilibaki kitupu. Cha nyuma kilijaa madoa ya bakteria wenye alama. Akapima na tempe mbovu: waliofanya iteleze walikuwa haohao.

Hartono akasimamisha tangi siku hiyohiyo. Chujio la bomba la hewa lilikuwa limelowa povu la tangi, likavujisha bakteria. Likabadilishwa. Walipopima tena nyuma, visahani vilikuwa vitupu. Tempe ikarudi kuwa nyeupe, na wateja wakarudi.

Sasa kiwanda hupima upande unakoelekea upepo. Juzi Kasdi alikuwa akipita karibu na mashine, kapu la tempe begani.

"We Kasdi!" Sumirah alimpigia kelele. "Zunguka huko! Unataka wapime tempe?"