Ngozi Haiogopi Moto

Kataa. Kataa mapema kabla sijaanza, tusipotezeane muda. Sema Vieri ni mwongo, Vieri ana mdomo, Vieri aliacha shule kabla hajajua kugawanya. Sawa. Ukishamaliza, shika huu mkono wangu wa kulia.

Shika, haung'ati.

Sasa shika wa kushoto.

Umeona? Wa kushoto ni mkono wa mtu. Wa kulia... wewe mwenyewe umerudisha wako haraka, sikukulazimisha. Nimekaa ubavuni mwa jiko, nimevaa sweta mbili, na hiki kikombe cha kahawa nimekikumbatia tangu ulipoingia. Haupati joto. Haujapata joto tangu Novemba. Daktari kaupiga picha, kaubonyeza, kasema damu inapita vizuri, nipunguze sigara. Basi agiza kinywaji chako, ukae. Ukitoka hapa ukaniita mwongo nitacheka tu, maana mkono umeshaushika.

Mimi nilikuwa mvisha glavu. Cheka, cheka upesi umalize. Dukani kwa Bi Oretta, ng'ambo ya mto, chumba chembamba kama kabati, harufu ya ngozi mpaka kwenye mate. Hapa Firenze glavu ya maana haijaribiwi kama soksi. Mteja anaweka kiwiko kwenye kimto cha mahameli, mkono juu, kama mtu anayekula kiapo. Wewe unapanua vidole vya glavu kwa koleo la mbao, unanyunyiza poda kidogo, unaiteremsha kidole kimoja kimoja mpaka ikae kama amezaliwa nayo. Mtaa mzima hakuna aliyenifikia. Sura za watu nasahau, hata ya mwalimu aliyenifukuza nimeisahau. Mkono sisahau.

Na nilikuwa na mchezo wangu wa kiberiti cha gesi. Ngozi ya kweli ukiipitishia moto wa gesi kwa haraka, inakutazama tu. Ya bandia inajikunja na kunuka. Kwa hiyo msafiri akisitasita, mimi nawasha, napitisha moto chini ya glavu, natabasamu hili tabasamu unaloliona, nasema: "Ngozi haiogopi moto, mama." Hapo amekwisha. Naichukua glavu, nainama chini ya kaunta kumfungia.

Chini ya kaunta kulikuwa na maboksi mawili.

Usinitazame hivyo. Boksi la pili lilikuwa letu, mimi na Lapo, rafiki yangu mwenye kibanda cha mikanda pale sokoni. Bi Oretta hakulijua. Glavu za bandia, rangi zile zile, mshono ule ule. Msafiri anaona moto unapita kwenye ya kweli, anaondoka na ya bandia, na ile ya kweli inaningoja nimuuzie mwingine. Tuliwafanyia watu wa basi tu, wale wanaoshushwa asubuhi, wakanunua mchana, wakalala Venezia. Zikianza kubanduka wako kwao, wanalaumu mvua. Mimi na Lapo tulikuwa tunacheka mpaka tunashikana mabega. Siku hizi Lapo akiniona anavuka barabara. Hilo liache kwanza.

Basi, jioni moja mvua inanyesha, taa za mtaani zimewaka mapema, akaingia mama mmoja. Koti jeusi. Mifuko ya maduka mikono yote miwili: ya viatu, ya gauni, ya skafu. Lafudhi ya kusini kabisa, kule ambako ukimsifu mtoto bila kutaja jina la Mungu wanakufukuza kwa ufagio. Nikasema moyoni, huyu ni wa basi. Akanionyesha glavu za dirishani, rangi ya divai, ngozi ya mwanakondoo, bitana ya sufu. Akasema ni za binti yake, na kwamba mikono yao ni sawa, nimpimie yeye.

Basi. Hakusema zaidi.

Nikampimia. Nikawasha kiberiti, nikasema maneno yangu. Nikainama, nikafunga. Alipopokea akanishika shavu, kama wanavyofanya kina mama wa kule, akatoka na mifuko yake mvuani. Zile za kweli nikazificha kwenye droo.

Kesho yake jioni, saa ya kufunga, Bi Oretta alikuwa amepanda juu kumlisha paka wake. Mimi nafagia.

Harufu ndiyo iliyotangulia.

Nta ya mishumaa. Dawa ya hospitali. Na yale maua meupe ya makaburini, yakishalowa na kuanza kuoza kwenye mashina...

Kengele ya mlango haikulia. Na ile kengele inalia hata upepo ukipita.

Nilipogeuka, msichana alikuwa amesimama kwenye kaunta. Gauni jipya. Viatu vipya. Nje mvua inamwagika, soli zake kavu. Nywele zimechanwa vizuri mno, kama zilizochanwa na mtu mwingine. Usoni sikumtazama. Mimi natazama mikono, ndiyo kazi yangu.

Alikuwa amevaa glavu za rangi ya divai. Za boksi la pili.

Akaweka kiwiko kwenye kimto bila kuambiwa.

Nikajitia utani. Nikamwambia tumefunga, ila kwa mkono mzuri kama huo hata duka la jirani ningelifungua. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya paka wa Bi Oretta.

Hakucheka. Akanong'ona, na midomo yake sikuona ikifunguka vizuri, kama iliyofungwa na kitu kwa ndani.

"Nionyeshe kama ulivyomwonyesha mama."

"Nikuonyeshe nini, dada?"

"Moto."

Sasa wewe utasema ungekimbia. Kila mtu anakimbia akiwa amekaa kwenye kiti. Mlango ulikuwa nyuma yake. Na mkono wangu, huu hapa, ulishaingia mfukoni, ukatoa kiberiti, ukawasha. Sikuutuma.

Nikapitisha moto haraka, kama siku zote.

"Polepole," akasema.

Nikaushikilia pale.

Glavu ikalia... tss. Rangi ya divai ikawa nyeusi. Ikajikunja, ikatoa povu, ikamnatia kwenye kiganja. Moshi wa plastiki ukanijaa kooni. Mkono haukutikisika. Hata kidogo. Hata kidole kimoja.

Akautazama, kama mtu anayetazama doa kwenye kitambaa cha meza.

"Hii imeogopa," akasema.

Nikazima kiberiti. Nikaibandua ile glavu kipande kwa kipande, nikiogopa ngozi itakuja nayo. Haikuja. Chini yake mkono mweupe, mkavu, kucha zina rangi ya mvua. Zimetafunwa. Na hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada, doa dogo jeusi kama punje ya pilipili manga.

Nikaujua.

Nilikwambia mkono sisahau. Ule mkono nilikuwa nimeuvisha Oktoba, wa moto, wenye damu. Msichana mwanafunzi, Donata. Poda ilimtekenya akacheka duka zima likacheka. Alizijaribu hizo hizo za rangi ya divai, akaniomba nimwekee. Mama yake angekuja kutoka kusini, wangezunguka maduka siku nzima wakishikana mikono, na glavu wangezimalizia kwangu. Nikamwahidi. Nikamwambia, dada, hata malkia akija sitampa.

Nikafungua droo.

Nimevisha mikono ya waimbaji, ya wake za mabalozi, ya mzee mmoja aliyekuwa na vidole vitatu. Sijawahi kuvisha kwa uangalifu kama jioni ile. Koleo, poda, kidole kimoja kimoja. Wa kulia. Wa kushoto. Nilikuwa nalia, na ukimwambia mtu nitakukana. Vidole vyake havikunisaidia wala kunipinga. Vilikaa tu, kama vinavyokaa.

Nilipomaliza akaugeuza mkono kwenye taa, huku na huku, kama wanavyofanya wasichana wote. Kisha akanishika mkono wa kulia. Akaubana taratibu. Sikuona maumivu. Niliona joto likitoka. Liliondoka kwenye ncha za vidole, likapita kiganjani, likaingia kwenye ile ngozi ya mwanakondoo.

"Asante, kaka."

Hilo neno kaka. Afadhali angenitukana.

Bi Oretta akateremka ngazi akiuliza nani anachoma plastiki dukani kwake. Hapakuwa na mtu. Kwenye kimto palikuwa na kishimo cha kiwiko, kinajaa polepole. Kwenye kaunta, glavu ya bandia imeganda. Ile nyingine kando yake, imekunjwa vizuri. Na droo yangu tupu.

Nikamwambia nimeangusha sigara.

Wiki hazikupita nyingi, simu ikalia dukani. Bi Oretta akasikiliza, akakaa chini, akafanya ishara ya msalaba. Alikuwa yule mama. Alisema jeneza la binti yake lilifungwa hapa Firenze asubuhi ile, siku moja baada ya yeye kuja dukani. Kijijini likafunguliwa tena ili bibi wa marehemu amuage. Na zile glavu zilikuwa zimekaa vizuri kuliko alivyomvalisha yeye mwenyewe. Laini. Na... mama alisema hivi, mimi sijaongeza... zilikuwa na joto. Akaomba ashukuriwe yule kijana mwenye mikono ya dhahabu.

Akatuma na mzigo. Mkate mkubwa wa kwao na pilipili nyekundu zilizokaushwa, zimefungwa kwa uzi, na kitambaa cheupe juu. Bi Oretta akanipa mbele ya wateja, akasema, "Umeona? Kazi nzuri inamfuata mtu." Nikaubeba ule mkate mpaka darajani. Nilishindwa kuula, nikashindwa kuutupa. Nilikaa nao pale mpaka ukalowa.

Bi Oretta akaanza kunisogeza stoo, kwanza kwa upole. Nikimshika mteja anaruka. Mtoto mmoja wa Kijerumani alilia. Na mkono wenyewe unazidi. Mwanzo ulikuwa vidole, sasa umefika hapa kwenye kifundo, na asubuhi kidole hiki cha mwisho hakikunjiki. Mvisha glavu bila mkono ni nini? Ni mfagizi. Na baridi yenyewe sijui itasimama wapi. Huku juu kuna bega. Ukilipita bega kuna moyo.

Nikaenda kwa bibi yangu, Bibi Ersilia, anayeondoa jicho baya. Akaweka maji kwenye sahani, akadondosha mafuta ya zeituni, akanong'ona yale maneno anayofundishwa mtu usiku wa Krismasi tu. Kama kuna jicho, mafuta yanatawanyika. Hayakutawanyika. Yalikaa mviringo, yametulia, yananitazama.

"Hakuna aliyekurushia kitu," akasema. "Hii imeingilia mdomoni mwako, na itatokea hapo hapo. Kuna neno hujanipa."

Nikamwambia, bibi, nimekupa yote.

Akayamwaga maji. Akaiosha sahani, akaifuta, akaiweka kabatini. Hakunipa hata kahawa. Bibi yangu, ambaye hata mtoza ushuru humpa kahawa.

Ndiyo hivyo. Hadithi imekwisha. Unaweza kwenda.

...

Kaa kidogo.

Nilisema yule mama hakusema zaidi. Alisema.

Alisema mlangoni, kabla hata ya kuweka mifuko chini. Alisema mwanangu Donata ameugua siku chache tu, amekufa juzi, yuko chumba cha maiti hapo hospitali, kesho asubuhi wanafunga jeneza. Alisema walipanga kuzunguka maduka pamoja, sasa amezunguka peke yake, kila duka ambalo binti alimtajia kwenye simu, ili aende amevaa alivyotaka mwenyewe. Glavu ndizo zilibaki. Akaniuliza kama mimi ndiye kijana aliyemfanya mtoto wake acheke.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Akaweka kiwiko kwenye kimto. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka nikaushika kwa mikono yangu miwili ndipo ukatulia. Nikasema pole sana, mama. Nikawasha kiberiti. Nikainama. Maboksi yote mawili yalikuwa mbele yangu, na nilijua lipi ni lipi, na nilijua zinakwenda wapi. Nikachukua la pili.

Wala si kwa shida. Sikuwa na shida yoyote.

Na usiku ule nikamwambia Lapo, hapa hapa, kwenye meza hii, nimemwekea mkono begani. Nikasema, leo nimepata mteja bora kuliko wote. Kuliko hata watu wa basi.

Nikasema: "Maiti harudishi mzigo."

Nikacheka. Nikamngoja na yeye acheke.

Lapo, anayecheka hata kanisani, hakucheka. Akautoa mkono wangu begani kwake. Huu wa kulia. Akavaa koti, akatoka.

Sasa nimelitoa. Hilo ndilo lililokuwa limebaki, hakuna jingine, naapa.

Hebu shika tena.

Acha kunitazama usoni, shika mkono. Umeanza kupata joto... au bado?